Waya, Betri na Moto: Historia ya Umeme Ndani ya Ndege za Modeli

Mwaka 1937, huko Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, mapacha wawili walirusha ndege ya modeli iliyotii amri kutoka chini. Walter Good ndiye aliyeunda ndege. William, aliyekuwa mtu wa redio za ridhaa, ndiye aliyetengeneza mitambo ya kuiongoza. Waliiita Guff, na mabawa yake yalitanda karibu mita mbili na nusu. Ukubwa huo haukuwa wa kujionyesha. Ndege ndogo isingeweza kunyanyua redio ya valvu pamoja na betri zake.

Na betri za modeli za wakati ule zilikuwa nyingi. Valvu hutaka umeme wa aina mbili: volti moja na nusu hivi ya kupasha utambi wake, na volti 45 au zaidi ya kusukuma mkondo ndani yake. Kifaa cha kugeuza usukani wa mkia nacho kilitaka betri yake. Injini za petroli ziliwaka kwa cheche, kwa hiyo ndege ilibeba pia koili, kapasita na betri ya kuwashia. Mrushaji alikuwa na vyanzo vinne vya umeme vya kukagua kabla hajatazama upepo unavuma kutoka wapi. Baya zaidi, cheche ya injini ilitoa kelele ya redio, na kipokezi kilichokuwa nyuma yake kidogo tu kiliweza kuidhania kuwa ni amri.

Tangu siku hizo historia ya ndege za modeli imekuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya betri. Kwa miaka sitini hivi ya mwanzo shida ilikuwa betri dhaifu: ikichoka, ndege inapotea. Kisha ikaja betri yenye nguvu tele, na hatari ikahama kutoka angani ikaingia nyumbani.

Amri isiyotolewa na mtu

Mwaka 1938 kampuni ya Raytheon ya Marekani ilitoa valvu ndogo yenye gesi ndani, iliyoitwa RK61, ikikusudiwa hasa modeli za kuongozwa kwa redio. Ilirahisisha kazi mno, kwani valvu moja tu ilitosha kufanya kipokezi kizima. Pasipo mawimbi ya rimoti, mkondo mdogo wa kama miliampea moja ulipita ndani yake na kuishikilia relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Rimoti ikibonyezwa, mkondo unaporomoka, relei inaachia, usukani unageuka.

Fundi wa umeme ataona mtego mara moja. Kipokezi kilitambua amri kwa kupungua kwa mkondo, lakini mkondo hupungua pia betri inapochoka, valvu inapozeeka, au waya unapolegea. Kwa kipokezi, yote hayo yalikuwa amri. Relei iliachia, usukani ukageukia upande mmoja na kukaa huko huko, na ndege ikaanza kuzunguka, kila mzunguko ukiwa mkali kuliko uliotangulia, mpaka ardhini. Mwenye rimoti alibonyeza na kubonyeza bila faida, maana kwa hesabu ya kipokezi alikuwa tayari anabonyeza.

Valvu hiyo pia haikuishi muda mrefu. Warushaji wakajenga desturi ya kuweka tundu ubavuni mwa ndege, la kuchomekea mita ya kupima miliampea. Kabla ya kurusha walisoma mkondo, wakarekebisha relei kwa bisibisi, ndipo wakaachia. Huo ulikuwa ukaguzi wa umeme kabla ya safari, na ulizaliwa kwa sababu kila aliyeupuuza alirudi nyumbani na vipande vya mbao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mzigo ulianza kupungua. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden aliingiza sokoni plagi yenye waya mwembamba unaobaki mwekundu kwa joto la mwako wenyewe. Betri ilihitajika wakati wa kuwasha tu, kisha ikabaki chini. Kwa hatua hiyo moja koili, kapasita na betri ya injini viliondoka ndani ya ndege, na kelele yake ya redio ikaondoka navyo. Mwaka huo huo mapacha wa Kalamazoo walishinda tena mashindano ya taifa ya Marekani kama walivyoshinda kabla ya vita. Guff yao baadaye ilikabidhiwa makumbusho ya Smithsonian.

Kisha transista ikaiondoa valvu, na pamoja nayo ikaondoka betri ya volti nyingi. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 rimoti mpya zilimwezesha mrushaji kusogeza kijiti kidogo, na mkia ukasogea kidogo vilevile. Akikisogeza sana, nao ukafuata. Kazi hiyo ilifanywa na servo, yaani kisanduku chenye mota ndogo, giya na saketi ya kupima mkono umefika wapi. Ndege ya kawaida ikawa na servo nne, zote zikilishwa na pakiti moja ya seli nne za nikeli-kadimiamu: volti 4.8 kwa jumla.

Waya mweusi

Betri ya nikeli-kadimiamu ilikuwa na asili ndefu. Msweden Waldemar Jungner aliibuni mwaka 1899, lakini ilibidi kungoja hadi katikati ya karne ya 20 ipatikane ile iliyofungwa kabisa, isiyohitaji kuongezwa maji. Wanamodeli waliipenda kwa kuwa ilivumilia kuchajiwa mara mamia. Utaratibu ulikuwa mwepesi: ichomeke jioni kwa mkondo mdogo wa sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, iache saa 14 hadi 16, asubuhi nenda uwanjani.

Lakini seli nne ni nne tu. Moja ikipiga shoti kwa ndani, na kadimiamu ina tabia ya kuota vijinywele vinavyotoboa kitenganishi, volti 4.8 hushuka hadi 3.6. Servo zinalegea, kipokezi kinayumba. Ndiyo maana wengi baadaye waliongeza seli ya tano ili moja ikifa zibaki nne.

Dosari iliyosumbua vichwa kuliko hiyo ilijificha chini ya ganda la plastiki. Ndani ya seli hizi mna potasiamu haidroksaidi, kemikali kali ya alkali. Seli ikivuja hata kidogo, kemikali hiyo hutambaa polepole kutoka upande wa hasi, ikifuata nyuzi za shaba ndani ya waya, pengine mpaka kwenye swichi. Shaba inageuka nyeusi na kuwa dhaifu, ilhali waya wa chanya uliolala ubavuni mwake unaendelea kung'aa. Aliyepima betri mezani kwa mita ya kawaida alisoma volti zote, kwa kuwa mita karibu haivuti mkondo wowote. Balaa ilijitokeza angani, servo kadhaa zilipovuta kwa pamoja na waya uliooza ukashindwa kuzilisha.

Wanamodeli wakajifunza mambo mawili. La kwanza, betri ipimwe ikiwa na mzigo, ndiyo maana mita za uwanjani zikatengenezwa zenye kizuizi kinachovuta mkondo wakati wa kupima. La pili, waya wa hasi uchunwe kidogo utazamwe rangi. Ukikutwa mweusi, kulehemu upya hakusaidii, sababu risasi haishiki kwenye shaba ya namna hiyo. Hutupwa waya wote, na swichi pamoja nao.

Mtikisiko wa injini ulileta orodha yake. Kiungo cha risasi kilichopoa vibaya hupitisha umeme mezani na kukatika kwenye mtikisiko. Kwa sababu hiyo betri na kipokezi vilizungushiwa sponji. Hata chuma kusuguana na chuma kulikuwa kosa: fimbo ya chuma ikichezacheza kwenye mkono wa chuma wa injini ilizalisha kelele ya redio, na servo zikatetemeka bila kuamriwa. Dawa ilikuwa kipande cha plastiki cha bei ndogo kati ya vyuma viwili.

Mota inachukua nafasi ya mafuta

Mpaka hapo umeme ulikuwa wa kuongoza tu. Kuutumia kusukuma ndege kulihitaji betri ambazo karibu hazikuwapo. Tarehe 30 Juni 1957, Kanali H. J. Taplin wa Uingereza alirusha modeli yake, Radio Queen, katika safari ya kwanza iliyowekwa rasmi kwenye kumbukumbu ya ndege inayoongozwa kwa redio na kusukumwa na mota ya umeme. Alitumia betri za fedha na zinki, nyepesi kwa nguvu zilizotoa lakini ghali na zenye maisha mafupi. Watu wachache walimfuata.

Aliyeing'ang'ania njia hiyo alikuwa Fred Militky, mhandisi aliyeshirikiana na kampuni ya Graupner ya Ujerumani kutafuta mota ndogo zenye ufanisi. Oktoba 1973, huko Austria, mawazo yake yalimnyanyua binadamu: rubani Heino Brditschka alipaa na ndege ya umeme MB-E1, iliyojaa seli za nikeli-kadimiamu. Safari haikufika robo saa, ila ilikuwa ya kwanza ya aina yake. California nako ndugu wawili, Roland na Robert Boucher, walikuwa wakiuza mota za modeli kupitia kampuni yao ya Astro Flight.

Mota hizi zilibadilisha hesabu ya waya. Servo zote za ndege zilivuta ampea moja au mbili. Mota ilivuta ishirini na zaidi. Plagi zilizotosha kwenye magari ya kuchezea ziliyeyuka. Kaboni za mota zilitoa cheche mfululizo, na cheche, kama enzi za akina Good, ni kelele ya redio. Fundi ikabidi alehemu kapasita ndogo kati ya vituo vya mota na mwili wake wa chuma. Fyuzi ikaingia kwenye ndege kwa mara ya kwanza.

Tofauti moja iliwapata wengi waliozoea mafuta. Injini ya mafuta, rafadha yake ikikwama kwenye nyasi, huzima. Mota ya umeme ikikwama haizimi; huvuta mkondo mkubwa zaidi kuliko ilipokuwa ikizunguka, mpaka kitu kiungue: fyuzi, kidhibiti mwendo, au mota yenyewe. Tena injini ya mafuta haiwaki mpaka mtu aiwashe, ilhali mota iliyounganishwa na betri iko tayari muda wote. Kijiti cha rimoti kikiguswa na mkono wa shati, rafadha inazunguka palepale ilipo, na vidole vikiwapo hapo, vinakatwa.

Betri iliyofungwa kama pakiti ya kahawa

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Moli Energy ya Kanada iliuza betri za kuchajiwa zenye lithiamu ya metali. Mwaka 1989 simu zilizozitumia huko Japani zilishika moto na betri zikarudishwa kiwandani. Njia salama zaidi ilikuwa tayari maabarani: Akira Yoshino alikuwa ameunda mwaka 1985 seli isiyo na metali tupu ya lithiamu, ambamo ayoni za lithiamu huenda na kurudi kati ya kaboni na oksaidi ya kobalti, oksaidi ambayo John Goodenough aliionyesha uwezo wake mwaka 1980. Sony iliipeleka sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 Yoshino, Goodenough na Stanley Whittingham waligawana Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Seli za kwanza zilifungwa kwenye kopo la chuma na hazikupenda kutoa mkondo mkubwa kwa haraka. Miaka ya 2000 ilipoanza, zikaja zile ambazo wanamodeli huziita lipo, yaani lithiamu-polima: tabaka nyembamba zilizokunjwa ndani ya mfuko wa alumini, laini kama pakiti ya kahawa. Kwa uzito ule ule zilibeba umeme takriban mara tatu ya nikeli-kadimiamu. Zilipokutana na mota zisizo na kaboni, ndege ya umeme iliyokuwa ikijikongoja ikaanza kupanda wima. Moshi na mafuta vikaanza kutoweka viwanjani.

Bei ya nguvu hiyo ni kukosa msamaha. Seli ya lipo hujaa kwenye volti 4.2 na haitakiwi kushuka chini ya 3.0. Ikipitishwa juu ya kiwango, lithiamu ya metali huanza kujijenga kwenye kaboni na oksaidi ya kobalti hupoteza uthabiti. Joto likipanda kiasi cha nyuzi 130 hivi, kitenganishi cha plastiki kinayeyuka na seli inapiga shoti ndani kwa ndani. Hapo kobalti inaachia oksijeni yake, vimiminika vya ndani vinawaka, na moto unajilisha wenyewe. Mfuko unavimba, unapasuka, unatema miali na moshi wa sumu. Seli ya jirani inapata joto, nayo inafuata.

Wengi wa waliounguza meza zao miaka ile hawakuwa wazembe. Walikuwa na chaja za zamani. Chaja ya nikeli-kadimiamu hujua kazi imekwisha kwa kuona volti zikishuka kidogo kileleni. Lipo haina kilele cha namna hiyo, kwa hiyo chaja iliendelea kungoja dalili isiyokuja huku ikisukuma umeme. Hata chaja mpya zilitegemea mtu kuchagua idadi ya seli. Pakiti ya seli mbili ikiwekwa kwenye mpango wa seli tatu, chaja hulenga volti 12.6, yaani 6.3 kwa kila seli. Hakuna lipo inayostahimili hayo.

Kulikuwa na hitilafu iliyojificha zaidi. Chaja iliyotazama pakiti nzima ya seli tatu ikasoma 12.6 iliamini kila seli ina 4.2. Lakini seli hazizeeki kwa mwendo mmoja: moja yaweza kufika 4.4 huku mbili zikiwa 4.1, na jumla ikabaki ile ile. Hivyo ndivyo pakiti ilivyoweza kuwaka mikononi mwa mtu aliyefuata maelekezo yote. Jibu lilikuwa plagi ndogo nyeupe yenye nyaya nyembamba, moja kutoka kila kiungo cha seli, ili chaja isome kila seli peke yake na kuzisawazisha. Ndani ya miaka michache pakiti isiyo na plagi hiyo ikawa adimu madukani.

Mchanga, tofali na sanduku la risasi

Vyama vya wanamodeli, kama AMA ya Marekani na BMFA ya Uingereza, vilianza kutoa maelekezo ambayo vizazi vilivyotangulia visingeyaelewa. Betri ichajiwe juu ya kitu kisichoungua. Mtu asiende dukani wala kulala huku chaja inafanya kazi. Isichajiwe ndani ya ndege, wala ndani ya gari.

Kila mtu akabuni chombo chake. Wengine walitumia vyungu vya udongo vya maua, wengine tofali za saruji zenye matundu, na juu yake mfuko wa plastiki uliojaa mchanga. Moto ukitokea unayeyusha mfuko na mchanga unaanguka wenyewe. Masanduku ya chuma ya kuhifadhia risasi za bunduki yalipendwa sana Marekani, mpaka ilipodhihirika kwamba sanduku lisilopitisha hewa, likijazwa gesi ya betri inayoungua, linageuka bomu. Wenye busara wakang'oa mpira wa kifuniko au wakatoboa matundu ya kupumulia.

Makosa mengine yalikuwa ya benchi. Mtu anayebadilisha plagi huchukua koleo na kukata nyaya zote mbili kwa pamoja, kama ambavyo angekata waya wa taa. Koleo la chuma linaunganisha chanya na hasi, na mkondo wa ampea mamia unapita. Fundi aliyejifunza hukata waya mmoja, anaulehemu, anaufunika, ndipo anaugusa wa pili. Pete huvuliwa kabla ya kazi.

Betri iliyoanguka na ndege ilikuwa na hila ya peke yake. Mfuko wa alumini ukibonyea, tabaka za ndani zinaweza kuanza kugusana bila dalili ya nje, na moto ukazuka nusu saa baadaye, mwenyewe akiwa njiani kwenda nyumbani na vipande vyake kwenye buti la gari. Viwanjani ikawa kanuni kuitoa na kuiweka wazi, mbali na nyasi kavu, na kuitazama.

Hata kuitupa kulileta ubishi. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa kuizamisha kwenye maji ya chumvi ili iishiwe. Baadaye ikaonekana kwamba chumvi hula vichwa vya chuma vya plagi kwanza. Mawasiliano yakikatika, betri inabaki na chaji yake ndani huku mwenyewe akiamini imekufa. Wengi wakahamia kwenye balbu ya gari: unganisha, acha iwake mpaka izime.

Walikuwapo pia waliotafuta kemia ya upole. Katikati ya miaka ya 2000 betri za mashine za kutobolea za DeWalt zilianza kutumia seli za kampuni ya A123, zilizojengwa kwa fosfeti ya chuma badala ya kobalti. Fosfeti haiachii oksijeni yake kirahisi. Wanamodeli walinunua betri hizo za mafundi seremala, wakazivunja, wakazitoa seli na kuzifunga upya kwenye ndege zao. Seli mbili za namna hiyo, volti 6.6, zikawa mrithi mzuri wa pakiti ya kipokezi ya zamani.

Kipokezi kinapolala

Wakati moto ukiwashughulisha watu mezani, redio nayo ilikuwa ikibadilika. Zamani kila mrushaji Marekani alikuwa na chaneli yake kwenye masafa ya megahezi 72, na Uingereza kwenye 35. Wawili wakiwasha chaneli moja, ndege moja ilianguka. Viwanja vilikuwa na ubao wa vibanio: asiye na kibanio cha chaneli yake hakuruhusiwa kuwasha rimoti. Mwaka 2005 kampuni ya Spektrum ilitoa DX6, rimoti ya gigahezi 2.4 inayojitafutia nafasi na kutambua kipokezi chake tu. Mbao hizo zikaanza kukusanya vumbi.

Kipokezi kipya kilikuwa kompyuta ndogo, na kompyuta ina tabia ambayo redio ya zamani haikuwa nayo. Volti zikishuka, redio ya zamani ilifanya kazi vibaya, lakini ilifanya. Kompyuta ikishushwa chini ya kiwango chake hujizima na kuanza upya, kisha inamtafuta tena mwenye rimoti. Kwa ndege inayokwenda kilomita 100 kwa saa, sekunde mbili za usingizi ni zaidi ya mita 50 bila rubani. Wengi waliilaumu redio mpya. Uchunguzi wa vipande mara nyingi ulirudi kwenye umeme: pakiti kuukuu ya seli nne, swichi iliyochoka, na servo za kidijitali zinazovuta mkondo mkubwa kwa mishtuko.

Kwenye ndege za umeme mkosaji alikuwa kifaa kidogo ndani ya kidhibiti mwendo, kinachoshusha volti za betri kuu hadi 5 kwa ajili ya kipokezi. Vile vya zamani vilipoteza volti zilizozidi kama joto. Kutoka 12.6 hadi 5 ni tofauti ya volti 7.6, hivyo kila ampea moja ya servo iligeuka wati 7.6 za moto kwenye kipande kisichozidi ukucha. Kikipata joto kupita kiasi hujizima ili kisiungue, na ndege nzima inazimika nacho. Vilivyofuata hukatakata umeme kwa kasi badala ya kuuchoma, na ndege kubwa zikapewa betri ya kipokezi peke yake.

Somo linafika kwa ndege kubwa

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliondoka Dubai kuelekea Ujerumani ikiwa na shehena yenye betri nyingi za lithiamu. Dakika 22 hivi baada ya kupaa kengele ya moto ililia. Moshi ulijaa chumba cha marubani, wakashindwa kuona vyombo, na ndege ikaanguka karibu na Dubai. Wote wawili walifariki.

Januari 2013 betri ya lithiamu ya Boeing 787 iliwaka ikiwa uwanjani Boston, nyingine ikailazimisha ndege kutua kwa dharura Japani, na 787 zote duniani zikasimamishwa. Ziliporuhusiwa kuruka tena, moja ya marekebisho makuu lilikuwa sanduku la chuma lenye bomba la kutolea gesi nje ya ndege: kanuni ile ile ya wale waliotoboa masanduku ya risasi.

Julai mwaka huo 787 ya shirika la Ethiopia, ikiwa tupu na imeegeshwa Heathrow, iliungua sehemu ya juu karibu na mkia. Wachunguzi wa Uingereza walifuatilia chanzo hadi kwenye kifaa cha kutoa ishara ya dharura chenye betri ndogo ya lithiamu. Nyaya zake zilikuwa zimepishana na kubanwa na kifuniko. Waya uliobanwa ukapiga shoti, basi. Mwanamodeli yeyote aliyewahi kufunga kifuniko cha ndege juu ya waya anaijua dosari hiyo.

Afrika Mashariki ilipokea teknolojia hii ikiwa tayari imekomaa, na kwa kazi badala ya burudani. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa ramani kutoka angani kwa ndege za eBee, za povu gumu na betri ya lipo, zenye uzito usiofika kilo moja. Oktoba mwaka huo kampuni ya Zipline ilianza kupeleka damu hospitalini kutoka Muhanga, Rwanda, kwa ndege za umeme zinazodondosha mzigo kwa parachuti. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba droni ya Wingcopter, katika mradi wa kampuni ya DHL na shirika la GIZ, imekuwa ikipeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa wastani wa dakika 40. Juu ya maji hakuna pa kutua, kwa hiyo hali ya kila seli si jambo la kukisia. Inabidi ijulikane kabla chombo hakijaondoka.

Sheria nazo zimehama. Katika miaka ya 1930 serikali ya Marekani ilitaka kujua nani anarusha mawimbi, na betri hazikumhusu mtu. Leo rimoti hununuliwa bila mtihani wowote, na swali linaulizwa kuhusu betri. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limepiga marufuku betri za lithiamu-ioni kusafirishwa peke yake kama shehena ndani ya ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30.

Kwa abiria hesabu ni ya kuzidisha tu. Pakiti ya seli tatu, ambayo kwa wastani ina volti 11.1, ikiwa na ujazo wa ampea-saa 2.2 ni wati-saa 24 na kitu, nayo inaruhusiwa. Ya seli sita yenye ampea-saa 5 ni volti 22.2 mara 5, yaani wati-saa 111: imevuka kikomo cha 100 na inahitaji idhini ya shirika la ndege. Inayozidi 160 haipandi na abiria kabisa. Betri za akiba hubebwa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini, na kila plagi hufunikwa kwa utepe ili chanya na hasi zisikutane njiani.